Ute wa mwanamke unatoka kwenye damu: uzi kwa waume wanaolalamika "mke wangu mkavu" na kwa wake zao

Mkunga wa Pangani (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Mimi ni muuguzi mkunga, huu ni mwaka wa 17 kazini, sasa niko kituo kimoja cha afya upande wa Tanga. Uzi ni mrefu, ni wa watu wazima, na viungo nitavitaja kwa majina yake. Kuzungukazunguka ndiko kulikotufikisha hapa.

Juzi mama mmoja alileta mtoto kupima uzito. Mtoto yuko vizuri, kadi imejazwa, lakini mama hanyanyuki. Alingoja wenzake wakatoka, akafungua pindo la khanga na kunitolea kifundo cha karatasi ya gazeti. Ndani mna vipande vya shabu, vyeupe, kama mawe ya chumvi. "Nesi, hii ndiyo ninayoweka. Shoga yangu alisema mume atatulia. Sasa naungua, na mwenyewe analalamika niko mkavu, eti simpendi." Nilipomchunguza nikakuta amechubuka ndani pande zote mbili.

Nimelala na jambo hilo siku tatu, ndiyo maana naandika.

Ute unaolainisha uke wakati wa tendo hautoki kwenye mfuko wa uzazi, wala hakuna tezi kubwa iliyojificha mahali. Unatoka kwenye damu. Ukuta wa uke umezungukwa na wavu wa mishipa midogo sana ya damu. Mwanamke akipata ashki, mishipa ya fahamu inaachia kemikali, mojawapo ni nitriki oksaidi, na mishipa ya damu inalegea na kupanuka. Damu inamiminika kwa wingi, inajaa, presha ndani ya mishipa inapanda, na sehemu ya maji ya damu inachujwa kupitia ukuta wa uke na kutokeza upande wa ndani kama matone. Mtungi mpya wa udongo ukiujaza maji, baada ya muda unatoa jasho nje. Ndivyo hivyo, ila hapa jasho linatokea kwa ndani.

Kuna tezi mbili ndogo kama kunde karibu na mlango wa uke, zinaitwa tezi za Bartholin. Nazo hutoa matone machache tu, kazi kubwa ni ya ukuta.

Hili lilionekana kwa macho na kuandikwa na Wamarekani wawili, William Masters, daktari, na Virginia Johnson, mwenzake wa utafiti, pale St. Louis. Waliwachunguza wanawake 382 na wanaume 312 wakiwa katika tendo lenyewe, wakachapisha mwaka 1966. Kabla yao, wengi waliamini ute unatoka kwenye shingo ya kizazi au kwenye zile tezi mbili.

Sasa turudi kwa shabu. Kazi ya shabu ni kukaza na kukausha. Ndiyo maana kinyozi anaipaka mtu aliyekatwa na wembe. Ukiiweka ukeni, inakausha kile ambacho mwili unahangaika kukitoa, ngozi laini inapata michubuko, na michubuko ni mlango wa virusi vya UKIMWI na magonjwa mengine ya zinaa. Sabuni na dawa za kuosha ndani nazo zina ubaya wake. Uke wenye afya una asidi, pH yake ni kama 3.8 hadi 4.5, na asidi hiyo inatengenezwa na bakteria wazuri wanaolinda mahali pale. Ukiwaosha, umewafukuza walinzi. Nje osha kwa maji, ndani paache pajisafishe penyewe.

Jambo la mwisho kabla sijawaachia nafasi. Matone ya kwanza yanaweza kutokea ndani ya sekunde 10 hadi 30. Wanaume wengi wakiona hivyo wanadhani kazi imekwisha. Haijaisha! Huo ni mwanzo wa damu kuingia. Uke mtulivu una urefu wa kama sentimita 7 au 8, na kuta zake zimegusana. Damu ikijaa vizuri, sehemu ya ndani inatanuka na kurefuka hadi kukaribia sentimita 10, na mfuko wa uzazi unanyanyuka juu, unajisogeza njiani. Hayo yanataka dakika nyingi. Mwanamke anayesema "unanigonga tumboni, naumia" mara nyingi mfuko wake bado haujanyanyuka.

Karibuni.

---

Baba Rahma

Mkunga, asante. Mimi ni mmoja wa hao wanaume. Mke wangu amejifungua mtoto wa tatu, sasa miezi mitano. Zamani hatukuwa na shida. Sasa ni mkavu kabisa na nikimgusa anasema subiri. Nimekuwa nikimshuku, nasema ukweli. Nikawa nafikiri yuko mtu.

---

Mkunga wa Pangani

Baba Rahma, ngoja nikuulize kwanza: ananyonyesha?

---

Baba Rahma

Ndiyo, usiku na mchana. Mtoto hajaanza uji.

---

Mkunga wa Pangani

Basi shemeji, hakuna mtu. Kuna prolaktini.

Mama anaponyonyesha, homoni ya kutengeneza maziwa, ndiyo hiyo prolaktini, inakuwa juu, na mayai yanatulizwa. Mayai yakitulia, estrojeni inashuka. Na estrojeni ndiyo inayoufanya ukuta wa uke uwe mnene, laini, wenye damu ya kutosha. Ikishuka, ukuta unakuwa mwembamba, na hata mke akikutaka kwa moyo wake wote, jasho lile la mtungi linakuwa kidogo. Mwili wake uko katika hali inayofanana kidogo na ya mwanamke aliyekoma hedhi. Tofauti ni kwamba yeye atarudi mtoto akipunguza kunyonya.

Ongeza na usingizi. Mtu aliyeamka mara nne usiku, kifua kimeshikwa siku nzima na mtoto, jioni anataka mwili wake ubaki wake kidogo. Hilo halihusiani na mapenzi kwako.

La kufanya: nunueni jeli ya kulainisha yenye asili ya maji, iko duka la dawa. Kama mnatumia kondomu, msitumie mafuta ya nazi wala mafuta ya mgando, maana mafuta yanadhoofisha mpira wa kondomu na unapasuka. Na mkipanga uzazi, mwambie akirudi kliniki aseme hali hii, asinyamaze.

Na uende ukamwombe radhi kwa yale ya kumshuku, hata kama hukuyatamka. Amehisi.

---

Mtemi_88

Mimi nitapinga kidogo kwa heshima. Mnafanya mambo kuwa magumu. Mwanamke aliyekamilika anafika kileleni kwa tendo lenyewe. Haya ya kuchezeana ni ya filamu za Wazungu. Kama hafiki, ana tatizo yeye.

---

Mkunga wa Pangani

Mtemi, karibu, na sikukasirikii. Wazo lako lina baba yake. Sigmund Freud, daktari wa Vienna, aliandika mwaka 1905 kwamba msichana akikomaa kuwa mwanamke, raha yake inapaswa kuhama kutoka kwenye kinembe kwenda ukeni. Aliandika bila kuchunguza mwili wa mtu. Wanawake wengi sana wamejiona wabovu kwa sababu ya wazo hilo.

Tuangalie mwili wenyewe. Wengi wanajua kinembe, ambacho mitaani huitwa kisimi, kama kipele kidogo juu ya mlango wa uke. Hicho ni kichwa tu. Nikiwa na wanafunzi huwa nawachorea nyuma ya boksi la glavu: chora manati, kisha igeuze, mpini juu, panda chini. Mpini mfupi ndio mwili wa kinembe, umejificha chini ya ngozi na umepinda. Zile panda mbili ni miguu yake, kila mmoja sentimita 5 hadi 9, inashuka ikiegemea mifupa ya nyonga kulia na kushoto. Halafu kati ya panda, ubavuni mwa mlango wa uke, kuna vifuko viwili vya nyama laini ya kujaza damu. Vyote hivyo ni kiungo kimoja. Ashki ikija vinajaa na kuvimba, kama uume unavyosimama, kwa sababu kiasili ni nyama ile ile. Mimba ikiwa changa, kabla ya wiki ya 9, kwa nje huwezi kutofautisha wa kike na wa kiume. Chipukizi ni moja, baadaye ndipo kila moja linakwenda njia yake.

Mjerumani Georg Kobelt alikichora kiungo hiki kwa ufasaha mwaka 1844. Vitabu vilivyofuata vikakipunguza, vingine vikakiacha kabisa! Ikabidi daktari wa upasuaji wa Australia, Helen O'Connell, akipasue na kukipima upya, akachapisha mwaka 1998. Hesabu ya karibuni, ya mwaka 2022, imekuta nyuzi za fahamu zaidi ya 10,000 zinazohudumia kinembe.

Sasa jiulize, mahali penye nyuzi zote hizo hapaguswi, mtu atafika vipi? Marekani mwaka 2018 walichapisha majibu ya wanawake zaidi ya 1,000. Waliosema kuingiliwa peke yake kunawatosha kufika walikuwa kama 18 kwa kila 100. Hao wengine wote wana tatizo?

Na wale 18 nao, usidhani kinembe chao kimelala. Miguu na vifuko viko ubavuni mwa uke, vinasukumwa na kukandwa kutokea ndani. Mwili mmoja huo.

---

Mtemi_88

Hilo la manati sijawahi kulisikia. Nimesoma mara mbili. Nitarudi.

---

Umutoni wa Kigali

Habari zenu majirani. Nimesoma hapo juu kwamba kuchezeana ni mambo ya Wazungu, ikabidi nijiunge. Kwetu Rwanda kuna kitu kinaitwa kunyaza, na wenzetu Burundi na magharibi ya Uganda wanakijua. Ni kazi ya mwanaume kugonga na kusugua kinembe na mashavu ya uke taratibu, kwa mpangilio, kabla na katikati ya tendo, mpaka mwanamke atoe maji. Bibi zetu walifundisha, na mwanaume asiyejua alionekana hajakua. Hatukufundishwa na filamu. Swali langu kwa mkunga: yale maji ni nini? Wengine wanaona haya, wanasema ni mkojo.

---

Mkunga wa Pangani

Umutoni, asante mno. Hilo naliheshimu: wahenga wenu walijua mahali pa kugusa kabla ya mtu yeyote kuchora picha.

Kuhusu maji, kuna vitu viwili vinavyochanganywa. Pembeni mwa tundu la mkojo kuna tezi ndogo zinazoitwa tezi za Skene, kwa jina la daktari Alexander Skene aliyezieleza mwaka 1880. Zinafanana kwa asili na tezi dume la mwanaume, na hutoa majimaji machache, meupe, mazito kidogo. Yale mengi, ya kulowesha shuka, njia yake ni kibofu. Madaktari wa Ufaransa waliwapima wanawake 7 kwa utrasaundi: kibofu kilikuwa tupu mwanzo, kikajaa wakati wa ashki, kikawa tupu tena baada ya maji kutoka. Kwa hiyo ni majimaji ya kibofu, mara nyingi mepesi, na kwa wengine yamechanganyika na ya tezi za Skene. Si ugonjwa, si uchafu. Na asiyetoa naye hana kasoro, wanawake hawafanani.

---

Bi Mwanaidi

Assalaam alaykum wanangu. Mimi ni mtu mzima, nimekuwa somo na kungwi kwa wasichana zaidi ya thelathini huku visiwani. Naona kungwi analaumiwa kila mahali, basi na mimi niseme. Katika unyago tulifundisha mwari ajue mwili wake, ajue kukata kiuno, ajue kubana na kuachia. Marehemu Bi Kidude, aliyetutoka mwaka 2013, kazi yake kubwa ilikuwa hiyo, siyo kuimba tu. Lakini nakiri jambo moja. Tulimfundisha mwari kumfurahisha mume. Yeye mwenyewe afurahi vipi, tulimwachia Mungu. Na wapo wenzetu waliotoa shabu. Mimi sikutoa, ila sikuwakataza.

---

Mkunga wa Pangani

Shikamoo Bi Mwanaidi. Umenitoa machozi.

Huko kubana na kuachia mlikokufundisha kuna maana kubwa. Ni misuli ya sakafu ya nyonga, ile unayobana ukizuia mkojo. Mwanamke akifika kileleni, misuli hiyo pamoja na ukuta wa chini wa uke na mfuko wa uzazi hukaza na kuachia kwa mapigo, mwanzoni kila baada ya sekunde 0.8 hivi, kisha yanapungua. Mengine hayazidi matatu, mengine hufika kumi na kitu. Moyo unakwenda mbio, pumzi inapanda, oksitosini inamwagika, ndiyo homoni ile ile ya uchungu wa kuzaa na ya kuteremsha maziwa. Daktari Arnold Kegel wa Marekani alipoandika mwaka 1948 juu ya mazoezi ya misuli hii, makungwi wa pwani walikuwa wameshafundisha vizazi.

Ila niongeze: kuna wanawake ambao misuli hiyo imebana mno, hasa walioumizwa zamani, na kwao zoezi la kwanza ni kujifunza kuachia. Kuwaambia wabane zaidi ni kuwaongezea maumivu.

---

Neema K

Mkunga, naomba niulize kwa haraka kabla sijaona aibu. Mume wangu akimaliza analala. Mimi nabaki na uzito kiunoni, kama hedhi inataka kuanza, mpaka saa nzima. Ni ugonjwa?

---

Mkunga wa Pangani

Hapana Neema. Ni damu. Imejaa kwenye nyonga na haijapata njia ya haraka ya kuondoka. Mwanamke akifika, yale mapigo yanaisukuma damu itoke, ndani ya dakika chache mwili umetulia. Asipofika, inaondoka polepole, na uzito huo ndio unausikia. Ukiwa unaumia hata siku ambazo hamjakutana, hapo njoo upimwe.

Mumeo ajue pia kwamba mwili wako hauna ile likizo ya lazima wanayopata wanaume baada ya kumaliza. Hata yeye akiwa ameshamaliza, wewe unaweza kuendelezwa, mkono upo.

---

Wakili Mnyonge

Naomba kuongeza upande wangu. Nimekaa mahakamani nikasikia upande wa utetezi ukiuliza: "kama hakutaka, mbona alilowa?" Mkunga, hili lina ukweli wowote?

---

Mkunga wa Pangani

Hakuna ukweli. Mwili unaweza kupeleka damu kwenye nyonga bila moyo kutaka, kama jicho linavyotoa machozi ukikata kitunguu bila kuwa na huzuni. Mwaka 2010 Meredith Chivers wa Kanada na wenzake walikusanya tafiti zaidi ya 130 zilizopima mwili na kuuliza hisia kwa wakati mmoja. Kwa wanaume vilikaribiana, kwa wanawake mara nyingi vilipishana. Kulowa si ridhaa. Na kinyume chake, mke anaweza kutaka kabisa na mwili ukachelewa. Ridhaa iko mdomoni mwake.

---

Mtoto wa Hanang

Nimesoma kimya tangu jana. Mimi nilikeketwa nikiwa na miaka tisa. Nina miaka 29, nimeolewa, mume wangu ni mtu mwema. Sijawahi kusikia kitu. Nilijiambia kwamba kile walichokata ndicho kilikuwa chote, basi. Kumbe kuna miguu? Imebaki?

---

Mkunga wa Pangani

Dada yangu. Ndiyo. Imebaki.

Ngariba anakata kinachoonekana: kichwa cha kinembe, au kifuniko chake, na kwa wengine mashavu ya ndani. Mwili wa kinembe uliopinda chini ya ngozi, ile miguu miwili kwenye mifupa, vile vifuko ubavuni, kwa kawaida vyote viko palepale. Umenyang'anywa sehemu yenye fahamu kali kuliko zote, sitakudanganya kwamba ni kidogo. Lakini hukunyang'anywa kiungo kizima, na wapo wanawake waliokeketwa wanaofika kileleni.

Njia za fahamu nazo ni nyingi. Kuna mshipa unaohudumia kinembe, kuna mingine ya uke na shingo ya kizazi. Barry Komisaruk na Beverly Whipple wa Marekani waliwapima wanawake waliovunjika uti wa mgongo, waliodhaniwa hawawezi kusikia chochote, wakakuta baadhi yao wanafika. Wanaamini kuna mshipa, vegasi, unaopita nje ya uti wa mgongo na kwenda moja kwa moja kwenye ubongo.

La kuanzia, fanya peke yako au na mumeo, bila haraka. Gusa kwa vidole juu ya kovu, na juu kidogo ya kovu pale mfupa wa kinena unapoanzia, na pembeni mwa mlango wa uke kulia na kushoto. Kandamiza kwa upole, usisugue, kovu kavu linaumia. Tumia jeli. Sema naye: hapa nasikia, hapa sisikii, hapa panauma. Siku ya kwanza usitafute kilele, tafuta ramani tu.

Kama kovu linauma, au kuna uvimbe mgumu chini yake, ni vyema daktari wa wanawake aangalie, maana wakati mwingine ni kifuko cha majimaji kinachoweza kutolewa. Upo pia upasuaji wa kuondoa kovu na kukileta juu kile kilichobaki. Pierre Foldès wa Ufaransa aliufanya kwa wanawake karibu 3,000 kati ya 1998 na 2009. Wengi waliorudi kupimwa baada ya mwaka walisema maumivu yamepungua na raha imeongezeka, au angalau hali haijawa mbaya zaidi, ila waliorudi walikuwa chini ya theluthi moja, kwa hiyo sikushauri kuuza shamba kwa ajili yake.

Na kuna kumbukumbu. Mwili ulioshikwa na watu wanne chini ya mti unajifunza kujifunga mahali hapo. Mguso ukikaribia, breki inakanyagwa kabla damu haijaanza kuja. Hiyo siyo baridi ya moyo. Inataka muda, na mume mwema ni nusu ya dawa.

---

Bi Mwanaidi

Mwanangu wa Hanang, nakuombea. Na mkunga, lile la shabu, wiki ijayo nina mwari. Nitasema.

---

Mtoto wa Hanang

Asante mama. Asante mkunga. Nimempa mume wangu simu asome mwenyewe, yuko hapa anasoma. Anauliza hiyo jeli inaombwaje duka la dawa, anaona haya.

---

Mkunga wa Pangani

Mwambie aseme "naomba jeli ya kulainisha, ya maji". Wamezoea. Na akiulizwa ya nani, ajibu ya mke wangu.